Mlima Kilimanjaro nikiupiga picha unakuwa kichuguu, tatizo simu au mimi?

MgeniKaskazini:
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada kwa mnaoyajua haya mambo. Mi ni mtu wa Dar, kazi yangu haina uhusiano wowote na kamera, ila tangu mwaka jana nimenogewa na kusafiri na kupiga picha za mandhari, milima, mabonde, barabara za vumbi, vitu kama hivyo, sipigi watu wala maharusi. Simu yangu ni Infinix ya kawaida tu, nyuma imeandikwa 50MP.

Sasa shida ni hii. Mke wangu kwao Moshi, kwa hiyo kila tukienda naamka alfajiri nausubiri mlima, na siku ukifunguka wote jamani unaona kabisa umejaa mbele yako mpaka unakaa kimya. Natoa simu, naangalia kwenye kioo: kichuguu. Picha karibu yote ni anga, chini kuna nyaya za umeme na bati za watu, mlima uko kule nyuma umebonyea hata huwezi kumwonyesha mtu. Nikizumu ndo balaa, inatoka ukungu mtupu, theluji yote inavurugika. Halafu naingia mtandaoni naona zile picha za Amboseli, ile mbuga ya Kenya, tembo kasimama na mlima nyuma yake umefunika picha nzima. Kwani wao wana mlima mwingine?

Shemeji yangu mmoja anasema ninunue kamera kubwa, mwingine anasema nitafute simu ya 108MP. Desemba tunaenda kula sikukuu ukweni kama kawaida, nataka safari hii nirudi na picha moja ya maana ya kutundika sebuleni. Nifanyeje? Nisimame wapi, saa ngapi, na hela niweke wapi?

DjSnepu:
Mbona simple mkuu, kuna apu kibao siku hizi, unaukata mlima unauvuta unakuwa mkubwa unavyotaka, anga unaweka lingine lenye mawingu ya dhahabu, dakika mbili kazi imeisha. Hakuna atakayejua.

FundiPima:
Mkuu achana na huyo. Mi ni mtu wa upimaji ardhi, picha ni starehe yangu tu, ngoja nikupe hesabu maana hili jambo ni la hesabu tupu.

Kutoka Moshi mjini mpaka kilele cha Kibo kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 30. Mlima una mita 5,895, mji uko kwenye mita 800 na kitu, kwa hiyo kilichoinuka juu yako ni kama kilomita 5. Ukipiga pembe yake inakuja nyuzi 9 hivi. Unataka kuiona kwa macho? Siku ukiwa pale nyoosha mkono mbele, funga ngumi. Ngumi ya mtu mzima mkono ukiwa umenyooka inakula kama nyuzi 10. Yaani mlima wote unaosema umejaa mbele yako, kwenda juu unafichwa na ngumi moja!

Sasa kamera kuu ya simu nyingi ni pana sana, ni sawa na lenzi ya milimita 24 mpaka 26 kwa lugha ya kamera kubwa (milimita chache inaona pana, nyingi inavuta). Ukiishika simu ya kulala inachukua nyuzi 50 na ushee kwenda juu. Nyuzi 9 ndani ya 50 na kitu ni kama sehemu moja ya sita. Kwa hiyo simu yako haijakudanganya hata kidogo, mlima ni moja ya sita ya picha, zilizobaki ni anga na bati za majirani. Aliyekudanganya ni ubongo wako, maana ukiangalia kitu unachokipenda macho yanakifuata chenyewe, nyaya huzioni kabisa. Kamera haina mapenzi na mtu, inachukua kila kilichopo.

Na sasa sikia hili la Amboseli, wengi hawaamini nikiwaambia. Amboseli iko MBALI zaidi na kilele kuliko Moshi. Ile mbuga ni kilomita 40 na zaidi kutoka Kibo, mlima pale unakuja kama nyuzi 6 tu. Ni mdogo kuliko unaouona wewe ukweni kwako. Wanachofanya wale ni kutumia lenzi ndefu, milimita 200, 300, wanarudi nyuma mbali na tembo. Ukisogea mbali na tembo yeye anapungua, ila mlima haupungui kwa sababu mita mia kwenye kilomita 40 si kitu. Halafu lenzi inawavuta wote wawili kwa pamoja. Siri yote ni hiyo: rudi nyuma, vuta.

Megapikseli hazihusiki hapo. 108MP kwenye lenzi pana ni kichuguu chenye pikseli nyingi. Unachotafuta ni simu yenye lenzi ya pili ya kuvuta, ya kweli, 3x mlima unajaza nusu ya picha, 5x unakaribia kuijaza yote. Zile simu zenye kamera tatu nyuma halafu mbili ni za megapikseli 2 za urembo, hazina lenzi ya kuvuta, ukizumu inakata picha katikati na kuitanua, ndo huo ukungu unaouona.

MgeniKaskazini:
Daah FundiPima umeniua na hiyo ya Amboseli 😂 nimenyoosha mkono hapahapa ofisini napima jengo la jirani, watu wananishangaa. Asante sana mkuu.

MangiMdogo:
Shem karibu sana kwetu. Mi niko hukuhuku Moshi, mlima naupiga kila ninapopata nafasi, ngoja nikupe ya mahali na saa maana ya lenzi wameshaongea.

Kwanza saa. Mlima wetu una haya. Saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa mbili hivi ndo muda wake, baada ya hapo jua likishapasha msitu mvuke unapanda unakuwa wingu, mpaka saa nne tano umeshavaa shuka. Jioni mara nyingi unafunguka tena kuanzia saa kumi na moja, ila jioni haina uhakika. Na ujue jua letu huku linashuka wima, sio kama kwa wazungu ambako rangi ya dhahabu inakaa saa zima na zaidi, hapa ile rangi ya waridi kwenye theluji ukienda kuchukua stendi ya kamera ndani ukirudi haipo. Kwa hiyo uwe umeshajipanga kabla.

Pili msimu, na hapa shem una bahati. Watu wengi wanakuja mwezi wa sita wa saba kwa sababu ni likizo na hakuna mvua, halafu wanalalamika. Miezi ile ni baridi, upande wetu wa kusini mawingu yanaweza kukaa siku nzima, na hata ukifunguka jua liko upande wa kaskazini, nyuma ya mlima, sura yetu inakuwa na kivuli. Desemba Januari jua limeshuka kusini, linaupiga mlima usoni, barafu zote za upande huu zinang'aa. Na mvua za vuli zikiwa zimenyesha vumbi limeoshwa, theluji nayo imeongezeka, asubuhi moja baada ya mvua ya usiku inashinda wiki nzima ya kiangazi.

Tatu mahali. Usipigie uani kwa baba mkwe, hapo ndo kwenye nyaya. Na usikimbilie kupanda juu Machame au Kibosho ukidhani ukisogea unakuwa mkubwa, ukishaingia kwenye migomba unaona migomba. Shuka chini. Nenda Mabogini, Chekereni, kule kwenye mashamba ya mpunga. Majaruba yakiwa na maji na upepo haujaamka, mlima unauona mara mbili, juu na chini. Unaongea na mwenye jaruba kwanza, unamsalimia vizuri, unamwambia unataka kupiga mlima, hakuna atakayekukatalia, ila ukiingia kimyakimya na kukanyaga tuta lake utasikia Kichaga chote. Ukitaka mbali zaidi kuna Nyumba ya Mungu, bwawani, asubuhi mitumbwi ya wavuvi ndo inakaa mbele ya picha. Boda mkubaliane bei ya kwenda, kusubiri na kurudi, hiyo ya kusubiri wengi wanaisahau halafu saa moja kamili jamaa anaanza kupiga honi.

Jirani wa Loitokitok:
Hehe nimeona mkitaja Amboseli nikasema lazima niingie. Mlima ni wenu sawa, lakini view ni yetu, hiyo tulishamaliza 😄

Serious sasa. Huyo FundiPima amesema ukweli, hizo picha za ndovu ni lenzi ndefu tupu. Lakini kuna kitu hajasema: huku kwetu kumbe huhitaji hata kuingia park na kulipa, ukikaa Kimana ama Loitokitok town mlima uko hapo mbele yako, na Loitokitok ni karibu kuliko hata Moshi, Mawenzi, kile kilele cha pili upande wa mashariki wa Kibo, inakusimamia kabisa. Na sisi msimu wetu ni kinyume na wenu, mwezi wa sita, wa saba, jua liko kaskazini kwa hivyo linapiga upande wetu. Kwa hivyo boss ukitaka mlima mwaka mzima uwe na passport mbili za ukwe.

Halafu kuna kamchezo huwa nacheza nikiona picha online. Ukiupigia Moshi, Mawenzi inakaa kulia kwa Kibo. Ukiupigia huku kwetu inakaa kushoto. Ukiupigia upande wa magharibi kule Sanya Juu, Mawenzi unajificha nyuma ya Kibo hauoni. Sasa unakuta mtu ameandika "asubuhi njema kutoka Moshi" na Mawenzi iko kushoto! Ama ameiba picha ya Amboseli ama ameigeuza kwa simu.

MangiMdogo:
@Jirani wa Loitokitok view ni yenu ila mguu wa kupandia ni wetu, endeleeni kuangalia 😂😂 Ila hiyo ya Mawenzi kushoto umenikumbusha kalenda moja niliyoiona dukani, imeandikwa Moshi Tanzania kabisa, Mawenzi kushoto na twiga juu yake.

MgeniKaskazini:
Wakuu mnanifurahisha. Sasa turudi kwenye hela. Simu yangu ndo hiyo haina lenzi ya kuvuta, simu yenye 5x nimeulizia bei nikarudisha simu mfukoni. Kamera iliyotumika naweza kupata ya kueleweka? Na kama nisipopata kabisa hiyo Infinix nifanye nayo nini? Kuna zile lenzi za kubana kwenye simu wanauza Kariakoo nazo vipi?

BintiUgweno:
Kaka yangu lenzi za kubana achana nazo, katikati inakuwa afadhali, pembeni kote matope. Hela yako kanunue chai.

Kwa simu uliyonayo: kwanza ingia kwenye mipangilio washa ile 50MP yenyewe, maana kwa kawaida simu inaunganisha pikseli nne kuwa moja inakupa picha ya megapikseli 12 na kitu. Asubuhi kukiwa na mwanga wa kutosha piga kwa 50 bila kuzumu kabisa, halafu kata mwenyewe baadae. Haitafika lenzi ya kweli ila utaona tofauti na ile ya kuzumu na kupiga. Gusa theluji kwenye kioo, kitatokea kijua, kishushe chini kidogo mpaka theluji irudishe mistari yake, maana simu ikiona msitu mweusi inaongeza mwanga na theluji inaungua, inakuwa nyeupe tupu, na theluji ikishaungua hakuna apu ya kuirudisha. Na mtu akiwa na darubini ya kawaida ya macho weka simu kwenye kioo chake kimoja, jaribu tu, mi nilicheka ila picha ilitoka.

Sasa kamera. Za mkono wa pili zipo nyingi na nzuri. Nikon D3300, ya 2014, ina megapikseli 24, au Canon 700D ya mwaka 2013 yenye 18, hizi kwa mandhari zinakutosha miaka na miaka, usiingie kwenye mashindano ya mpya. Na habari njema ni kwamba ile lenzi ndogo inayokuja nayo, 18-55, ukiivuta mpaka mwisho kwenye 55, kwa sababu sensa ya hizi kamera, kile kibati cha ndani kinachopokea mwanga, ni ndogo inakuwa sawa na milimita 80 na kitu. Kutoka Moshi hiyo inakuletea Kibo karibu, na ukiirudisha kidogo kuelekea 35 unapata Kibo na Mawenzi zote mbili kwenye picha moja zimekaa vizuri. Ukitaka Kibo peke yake na barafu zake ndo utafute 55-200 ya Nikon au 55-250 ya Canon, nazo zilizotumika hazina bei ya kutisha.

Ukienda kununua nenda mchana na uwe na tochi. Toa lenzi, mulika tochi upande mmoja uangalie upande mwingine. Ukiona nyuzinyuzi kama utando ndani, hiyo ni KUVU, usinunue hata wakipunguza nusu. Vitu vingi vimekaa pwani na joto la Dar na unyevu, kuvu inakula kioo chenyewe ile rangi yake ya juu. Na ukishanunua wewe mwenyewe usiifungie kwenye begi kabatini miezi sita mpaka Desemba ifike, weka kwenye dumu la plastiki lenye mfuniko unaobana na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu. Kamera inapenda kutumika. Omba pia muuzaji akuangalizie shata, kile kipazia cha ndani kinachofunguka kila ukibonyeza, imeshapiga picha ngapi, kwa Nikon unapiga picha moja unaipakia kwenye tovuti za kuhesabu shata inakuambia.

Kitu cha mwisho hela ikibaki, nunua filta ya polaraiza ya kufunga mbele ya lenzi. Inakata ule ukungu wa bluu, na inafanya kazi vizuri zaidi jua likiwa ubavuni kwako. Moshi ukiangalia mlima unaangalia kaskazini, jua la asubuhi liko mashariki, ubavuni kabisa! Utazungusha ile filta uone anga linavyokolea mwenyewe. Usiizungushe mpaka mwisho, anga linakuwa jeusi la uongo.

MzeeWaFilamu:
Vijana mnaongea vizuri, nimefurahi kuona bado kuna watu wanaamka saa kumi na moja kwa ajili ya mlima. Sisi tulikuwa na filamu ya picha 36, unaenda safari nzima na roli mbili, kwa hiyo kabla hujabonyeza unafikiria mpaka kichwa kinauma.

Nina moja tu kwa MgeniKaskazini. Mlima peke yake, hata ukiujaza kwenye picha, bado mtu hataona ukubwa wake. Kitu kinakuwa kikubwa kwa kuwekwa kando ya kitu ambacho mtu anakijua kimo chake. Mama na ndoo kichwani kwenye tuta la jaruba, baiskeli, nyumba ya bati, mnazi mmoja. Umpate huyo mama yuko mbali, mita mia mbili, halafu uvute kwa lenzi kama alivyokueleza mpima ardhi, atakuwa mdogo na mlima umemzidi mara kumi na kitu, hapo mtu sebuleni kwako ataelewa bila kuambiwa. Kama sura yake inaonekana basi nenda kamwombe, hata kama umeshapiga. Umwonyeshe. Akikataa futa.

Na wewe DjSnepu, mwanangu, kubadilisha anga ni kazi ya watu wa matangazo. Kusafisha ukungu, kuongeza weusi kidogo, hata sisi tulifanya kwenye chumba cha giza, hakuna ubaya. Lakini anga ulilotoa kwenye apu jua lake liko kushoto na kivuli cha mlima kinasema jua liko kulia. Mtu mzima anaona.

DjSnepu:
Mzee shikamoo. Sawa nimeelewa ila mbona likes zinakuja tu 😅

MzeeWaFilamu:
Marahaba. Zinakuja kwa anga, hazijaja kwa mlima.

Tetemeko88:
Naongezea tahadhari maana hakuna aliyesema. Usiende na droni bila vibali, hapa kwetu kuna kibali cha TCAA, wale wa usafiri wa anga, na Wizara ya Ulinzi nao wanahusika, na ndani ya hifadhi ni habari nyingine tena ya TANAPA. Droni ya zawadi kutoka kwa mjomba haina msamaha. Pia ukiona geti la jeshi, polisi, magereza au uzio wa uwanja wa ndege, hata kama mlima umekaa vizuri juu yake, kamera ibaki kwenye begi. Hata mashamba ya kampuni, ya miwa na nini, ongea na mlinzi getini kwanza. Na alfajiri usitembee peke yako na begi la kamera limeandikwa jina la kamera kwa herufi nyeupe, weka kwenye kiroba cha kawaida tu, mi changu ni begi la shule la mwanangu lina picha ya katuni, hakuna anayeligusa.

MgeniKaskazini:
Wakuu nimeshaandika kila kitu. D3300 nimeiona mahali naenda na tochi kesho. Swali dogo la mwisho, safari hii tunapanda basi la usiku kutoka Dar, tutakuwa maeneo ya Same kunakucha kama mambo yakienda sawa. Nikate siti upande gani?

MangiMdogo:
Kuanzia Same mpaka Mwanga mlima uko mbele yenu moja kwa moja, hapo anayefaidi ni dereva na konda. Mkishakata kona Njia Panda ya Himo kuelekea Moshi unahamia kulia, kwa hiyo kata siti ya kulia, dirishani, na uombe kioo kiwe cha kufunguka maana kupigia kwenye kioo chenye mikwaruzo ni bora ulale. Mke wako ataitaka hiyohiyo lakini, hapo sina msaada shem.